Muhula wangu unaisha, na sijui nisimame wapi

Dada mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia usiku, maana siku hizi usingizi hunijia alfajiri. Nina umri wa miaka 54. Kwa miaka sita nimekuwa mwenyekiti wa umoja wa kwaya, mihula miwili ya miaka mitatu mitatu, na katiba yetu hairuhusu wa tatu. Mkutano mkuu umebakiza wiki saba. Siku hiyo nitasoma taarifa yangu ya mwisho, nitakabidhi ofisi, nitakaa.

Nilipochaguliwa tulikuwa na kwaya 14. Leo ni 23. Wakati ule nyimbo zilinakiliwa kwa mkono kwa solfa, zile do, re, mi, na kosa la mnakili mmoja lilizunguka kwaya tano. Tukikutana kuimba pamoja, teno wa huku wanaimba fa, wa kule wanaimba fi, yaani fa iliyopandishwa nusu tone, na kila upande una karatasi ya kuonyesha. Tulitumia mwaka mzima kusahihisha nakala, wimbo kwa wimbo, tukiwatafuta watunzi wenyewe watuambie walichokusudia. Tukaanzisha mafunzo ya walimu wa kwaya mara mbili kwa mwaka, ili anayejua solfa ajifunze pia nota za mistari mitano. Na kila Jumapili ya pili ya Desemba, Siku ya Kwaya Duniani, tumekuwa tukisimama jukwaa moja, watu zaidi ya mia sita. Mara ya kwanza sauti zote nne zilipotua pamoja kwenye neno la mwisho, nililia mbele za watu na sikuona haya.

Sasa yanayoninyima usingizi. Wajumbe kadhaa wamenijia wakitaka katiba ibadilishwe ili niendelee muhula mmoja zaidi. Wanasema makamu wangu bado mchanga. Ana miaka 31, ni mwalimu hodari wa kwaya, lakini mambo ya benki, ya kumbi, ya kuandikiana na serikali hayajui. Nami naogopa kwamba tulichojenga kitabomoka. Nikiwa mkweli, nafurahi pia kuombwa.

La pili ni zito zaidi. Katika mashindano ya mwaka wa tatu, kila kwaya ilipewa dakika 12 jukwaani. Kwaya moja ndogo ilikuwa na wazee wawili waliopanda ngazi polepole, wenzao wakiwangoja. Walizidisha dakika moja na nusu, majaji wakawaondoa kwenye mashindano. Mwalimu wao alinijia analia. Nikamjibu mbele ya watu, "Kanuni ni kanuni, na nyinyi mlizisaini." Wakajitoa kwenye umoja, na kwaya tatu rafiki zao zikawafuata. Wiki mbili baadaye niliisoma ile kanuni upya. Haisemi saa inaanza mtu anapokanyaga jukwaa au noti ya kwanza inapoimbwa. Sikumwambia yeyote. Sasa naandika taarifa ya mwisho, na katibu ananishauri niliache jambo hilo. Anasema, "Usiichafue siku yako."

La tatu, sijui nitafanya nini baada ya hapo. Jioni zangu zote zilikuwa za vikao. Mwezi uliopita nilipita kwenye kwaya yangu ya zamani, nikasimama na besi wenzangu. Pumzi ilikatika katikati ya mstari na sauti haikukaa. Nikajifanya simu inaita, nikatoka. Hilo ni dogo, nalitaja tu.

Nisaidie dada.

Mwenyekiti anayeondoka

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na ile simu ambayo haikuita. Umesema ni jambo dogo, lakini nimeisoma barua yako mara nne na kila mara naishia hapo. Wewe uliingia kwenye uongozi kwa sababu uliimba. Kisha kwa miaka sita ulisimamia kumbi, ratiba, ada, barua na magomvi, ukikaa kiti cha mbele wakati wengine wanaimba. Niliimba sauti ya pili miaka mingi na nimewahi kuwa katibu wa kwaya, kwa hiyo najua jinsi jambo hilo linavyokuja taratibu. Unakosa zoezi moja kwa sababu ya kikao, halafu mawili, halafu hakuna anayekutazamia tena kwenye mstari. Nadhani sehemu ya hofu yako ya kuachia kiti inatoka hapa. Ukisimama kutoka kwenye kile kiti, huna uhakika kama nafasi yako ya zamani bado ipo.

Ipo. Sauti ni kazi ya misuli, na misuli isiyotumika hulegea. Pumzi inayokatika katikati ya mstari ni jambo la kawaida kabisa kwa mtu aliyekaa miaka bila mazoezi, na kwa sehemu kubwa hurudi. Anza nyumbani, dakika kumi kila siku. Vumia ukiwa umefunga midomo, panda na kushuka noti tano, bila nguvu. Walimu wa sauti wana zoezi jingine zuri la kuimba kupitia mrija mwembamba: unaushika kwa midomo, unatoa sauti kupitia humo, koo linajifunza kufanya kazi bila kukazwa. Ile besi ya chini kabisa uliyoshika ukiwa kijana huenda isirudi yote, maana sauti za wanaume wengi huelekea kupanda kidogo uzeeni, wakati za wanawake hushuka. Mimi mwenyewe leo naimba noti ambazo zamani niliwaachia teno. Ukisikia sauti inachoka au inakwaruza wiki hadi wiki, muone daktari wa masikio, pua na koo. Vinginevyo ni suala la subira.

Sasa twende kwenye ule muhula wa tatu.

Usiukubali. Wanaokuomba wanakupenda, sina shaka, na si dhambi kwamba umefurahi. Lakini mabadiliko ya katiba yanayomnufaisha aliyeko kwenye kiti siku yanapopigiwa kura yatakutia doa hata wewe mwaminifu. Kama umoja unaona mihula miwili haitoshi, waijadili baada ya wewe kuondoka, kwa ajili ya watakaokuja. Waambie hivyo mapema, wiki hii, kwa maandishi, ili wasiendelee kukusanya saini kwa jina lako. Kila siku unayokaa kimya, makamu wako anasoma jibu kwenye ukimya wako.

Na huyo makamu, hebu tumtazame vizuri. Unasema hajui mambo ya benki wala ya kumbi. Katika miaka yote hiyo, aliwahi kuongoza kikao kimoja bila wewe kuwepo? Aliwahi kusaini hundi? Barua yako haisemi, nami nahisi jibu unalijua. Ulimchelewesha, pengine bila kukusudia, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kulifanya mwenyewe kuliko kukaa naye jioni tatu ukimwelekeza. Wengi wetu tumefanya hivyo. Una wiki saba, na si chache. Vikao vyote vya kamati tendaji vilivyobaki aviongoze yeye, nawe ukae pembeni na usimsahihishe mbele ya watu. Nenda naye benki mjaze fomu za kubadili waweka saini, zikae tayari kusubiri muhtasari wa mkutano mkuu. Muunganishe na wasimamizi wa kumbi kwa simu, sauti kwa sauti, maana orodha ya namba peke yake haimfanyi mtu ajulikane.

Katika makabidhiano kuna kitu viongozi wa kwaya husahau kuliko vyote, nacho ni nakala za nyimbo na ruhusa zake. Umesema mliwatafuta watunzi. Walipowaruhusu kunakili na kuimba, ruhusa hizo ziko wapi? Nyingi, nadhani, zimo kwenye simu yako, ujumbe mmoja hapa, mwingine pale. Mkataba wa Bern wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi sana duniani zimeuridhia, unalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na walau miaka 50 baada ya kufa kwake, na nchi nyingi zimeongeza hapo. Kwa hiyo wimbo mnaouimba leo utakuwa na mwenyewe hata miaka ambayo wewe na mimi hatutakuwepo. Ruhusa aliyopewa "mwenyekiti yule" kwa mdomo itageuka ugomvi siku mtunzi atakapofariki na watoto wake kuuliza. Iandikwe upya kwa jina la umoja, isainiwe, ikae kwenye jalada la umoja. Hiyo ni kazi ya wiki mbili nzima na haina makofi, lakini ile kazi yenu ya kusahihisha nakala haitakamilika bila hiyo.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilipomaliza ukatibu nilikaa na ufunguo wa kabati la nyimbo miezi tisa. Nilijiambia namngoja mwenzangu azoee. Kwa miezi tisa yule binti alikuja kwangu kila alipotaka karatasi, na kila mara nilimpa ushauri ambao hakuuomba. Siku niliyomkabidhi ufunguo hakusema neno, aliupokea tu kwa mikono miwili. Uso wake bado ninao.

Nikija kwenye taarifa yako, na zile kwaya nne.

Unajua kinachotokea kwaya inapoimba wimbo mrefu bila kinanda. Inashuka. Kidogo kidogo, kila mtu akimsikiliza jirani yake, wote wanateremka pamoja, na kwa kuwa wanateremka pamoja hakuna anayehisi. Bado wanapatana. Wanafika mwisho wakiwa chini kwa nusu tone, wakati mwingine tone zima, na wote wanatabasamu. Mwalimu anapiga uma wa sauti, kile chuma kinachotoa noti moja isiyobadilika, ndipo wanatazamana. Ile noti ya la, ya mitetemo 440 kwa sekunde, iliyokubaliwa katika mkutano wa kimataifa huko London mwaka 1939, haijali jinsi kwaya ilivyojisikia.

Kamati yenu imeimba pamoja miaka sita. Katibu anayekuambia usiichafue siku yako ni mwenzako wa mstari mmoja, ameshuka pamoja nawe, na anakutakia mema kwa dhati. Kwa tathmini ya muhula wako usimtegemee yeye, wala usijitegemee mwenyewe. Chukua muhtasari wa mkutano uliokuchagua. Tafuta maneno yako uliyoyasema siku ile ukiomba kura, uyasome kwa sauti, halafu uandike taarifa ukiwa nayo mezani. Palipotimia, andika kwa furaha, na mengi yametimia: kutoka kwaya 14 hadi 23 huku nne zikiwa zimetoka ni kazi kubwa, na nimefurahi sana kusoma habari za zile fa na fi. Usizifiche sifa hizo kwa unyenyekevu wa kujilazimisha. Ambapo hapakutimia, andika pia.

Hili la mashindano liandike. Iandike ile kanuni neno kwa neno, useme haikueleza saa inaanza lini, useme uliligundua wiki mbili baadaye na ukanyamaza. Hukumu ya majaji ni yao, usiwatupie mzigo. Wewe eleza sehemu yako. Kisha weka hoja mbele ya mkutano huohuo kwamba kanuni irekebishwe: saa ianze noti ya kwanza inapoimbwa, na muda wa kupanda na kushuka jukwaani usihesabiwe, hasa kwa waimbaji wazee au wenye shida ya kutembea. Ningefurahi hilo liwe jambo la mwisho kupigiwa kura ukiwa kwenye kiti.

Lakini kabla hujalisoma mbele ya wajumbe, nenda kwa yule mwalimu. Usitume mtu, usiandike ujumbe wa simu. Hastahili kuzisikia habari zake kutoka kwenye taarifa ya mkutano ambao hakualikwa. Nenda peke yako, bila makamu, bila katibu, na usiende na fomu ya kujiunga upya. Mweleze ulichosoma kwenye kanuni na lini ulikisoma. Mwombe radhi kwa yale maneno uliyomwambia mbele ya watu wakati analia, maana nadhani hayo ndiyo yaliyomtoa, kuliko ile dakika moja na nusu. Halafu muulize habari za wale wazee wawili. Miaka mitatu imepita, na huenda mmoja wao hayupo tena. Ikiwa ni hivyo, utalisikia pale, na utakaa nalo. Huenda akakusamehe, huenda akakufungia mlango. Kwaya zile zikirudi siku moja, heri zirudi chini ya mwenyekiti mpya, kwa hiari yao, wewe usipate sifa yoyote ya kurudi kwao.

Umesema unaogopa mliyojenga yasibomoke. Mengine yatabomoka, kusema kweli. Huenda mwenyekiti mpya akaona mafunzo ya mara mbili kwa mwaka ni ghali akayafanya mara moja. Huenda tamasha la Desemba likapungua watu. Litakuuma, na utatamani kupiga simu. Jiwekee mwaka mmoja wa kutotoa ushauri usioombwa. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa, ukomee hapo.

Kuna mtu mmoja ninayemfikiria kila ninapoulizwa kuhusu maisha baada ya kiti. Mwaka 1815 watu wa Boston, Marekani, waliunda chama cha waimbaji, Handel and Haydn Society. Lowell Mason alikuwa rais wake kuanzia 1827 hadi 1832. Baada ya kutoka hapo aliwageukia watoto. Alifundisha kuimba katika shule mojawapo bila kulipwa, kuonyesha tu kwamba linawezekana, na mwaka 1838 jiji lile likakubali muziki uwe somo katika shule zake za umma. Kazi hiyo ndiyo wengi wanayomkumbukia leo. Kile chama nacho kinaimba hadi sasa, zaidi ya karne mbili tangu kizaliwe, chini ya watu ambao hakuwajua.

Sikuambii ukaanzishe jambo kubwa. Umechoka, na nadhani mwaka huu wa kwanza usianzishe chochote. Jioni za vikao ziache tupu kwa muda, zitakusumbua mwanzoni. Moja tu uijaze, ile ya mazoezi. Na ningekushauri usirudi kwanza kwenye kwaya yako ya zamani, ambako watasimama ukiingia na kukuita mwenyekiti. Tafuta kwaya ambayo haikujui sana. Fika mapema kidogo, umwambie mwalimu unaimba besi na kwamba hujaimba muda mrefu. Omba nakala yako mwenyewe na penseli. Simama kushoto au kulia kwa mtu mwenye sauti iliyotulia, umsikilize yeye, na pumzi ikikatika katikati ya mstari vuta nyingine kimyakimya, uingie tena penye neno linalofuata. Simu iache nyumbani.

Dada yako